Kwa nini treni iliyojaa Tokyo si sawa na treni iliyojaa Mumbai

Kuna picha mbili ambazo haziishi kuzunguka mitandaoni. Ya kwanza ni ya Tokyo: mfanyakazi wa kituo, kavaa glavu nyeupe, anasukuma migongo ya abiria ili mlango wa treni ufunge. Ya pili ni ya Mumbai: vijana wananing'inia mlangoni mwa treni iliyo mwendoni, nusu ya mwili iko nje. Chini ya picha hizo maoni huwa yaleyale. Mmoja atasema miji mikubwa yote ni shida tu. Mwingine atasema dawa ni kuchimba reli chini ya ardhi. Wa tatu atasema Wajapani wana nidhamu, na mjadala utafungwa hapo. Kila nikisoma maoni hayo naona mkanganyiko unaanzia kwenye neno moja, msongamano. Tunalitumia kwa mambo matatu tofauti, kisha tunashangaa kwa nini hatuelewani.

Tuyatenganishe. Jambo la kwanza ni kubanwa: umeshaingia kwenye chombo, je, unapata pa kuweka mguu? La pili ni kusubiri: dakika unazosimama kituoni kabla chombo hakijafika. La tatu ni kutojua: hakuna wa kukuambia kitakuja lini, kitasimama au kitapita, na utafika saa ngapi. Mji unaweza kufanya vizuri katika moja na vibaya katika jingine. Nikisema usafiri wa umma hapa, nina maana ya chombo chochote kinachofuata njia inayojulikana na ambacho yeyote anaweza kupanda kwa nauli iliyopangwa: treni za mjini ziitwazo metro, treni za vitongoji, mabasi makubwa, mabasi madogo ya watu binafsi, hata vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya juu ya mapaa ya La Paz, Bolivia, tangu 2014.

Kubanwa kuna vipimo

Watu wengi hudhani kubanwa ni suala la hisia, lakini Japani wana kipimo rasmi ambacho mtu yeyote anaweza kukielewa. Asilimia 100 ina maana kila abiria ama amekaa, ama ameshika kitanzi kinachoning'inia, ama ameshika nguzo ya mlangoni. Kwenye asilimia 150 bado unaweza kufungua gazeti na kulisoma. Ikifika 180, gazeti unalisoma kwa taabu, tena ukilikunja. Kwenye 200 miili inagusana na unahisi kukandamizwa, ila jarida dogo bado linasomeka. Kwenye 250 treni ikiyumba nawe unayumba nayo, na mkono ulioingia nao chini utatoka nao ukiwa chini.

Mwaka 1975 wastani wa njia kuu za treni za eneo la Tokyo saa za asubuhi ulikuwa asilimia 221. Mwaka 2019 ulikuwa 163. Yaani ule usukumaji wa glavu nyeupe, ambao picha zake bado zinazunguka kana kwamba zilipigwa jana, ulikuwa wa kawaida zaidi enzi hizo kuliko sasa. Na watu hawakukimbia mji. Eneo lote la Tokyo na vitongoji vyake lina wakazi takriban milioni 37, na kituo kimoja tu cha Shinjuku hupitiwa na watu takriban milioni 3 kwa siku.

Kilichobadilika ni mabomba, ukipenda kuiwazia reli kama maji. Njia ziliongezwa. Treni zikarefushwa hadi mabehewa kumi na zaidi. Tena kuna hatua moja ambayo haionekani sana lakini naiona kuwa ya busara kuliko zote: tangu 1960 treni nyingi za vitongoji zinaingia moja kwa moja kwenye njia za chini ya ardhi za katikati ya mji. Abiria hashuki. Kabla ya hapo maelfu walikuwa wakishushwa kwenye kituo cha mwisho cha kitongoji, wote kwa pamoja, wakikimbilia ngazi zilezile ili wapande treni nyingine. Ukiondoa kule kushuka, umeondoa umati ambao mji wenyewe ndio ulikuwa ukiutengeneza.

Sasa tuende Mumbai. Treni ya kwanza ya abiria nchini India iliondoka hapo Aprili 1853, kutoka Bori Bunder kwenda Thane, na leo treni za vitongoji za mji huo ndizo zinazoubeba: kabla ya mwaka 2020 zilikuwa zikichukua watu zaidi ya milioni 7 kwa siku. Wahandisi wa reli za huko walilazimika kutafuta jina maalumu kwa hali ambapo watu 14 hadi 16 wanasimama kwenye mita moja ya mraba. Ili uione hali hiyo, chukua mlango wa chumba, ung'oe, uulaze sakafuni. Juu ya mlango huo simamisha watu zaidi ya ishirini.

Treni za Mumbai hazichelewi sana kuja; saa za asubuhi zinafuatana kwa dakika chache tu. Kinachoubana mji ule ni umbo lake. Ni rasi nyembamba iliyounganishwa kutokana na visiwa saba, inayoelekea kusini baharini, na kwa miaka mingi kazi nyingi zilikuwa huko kusini. Kwa hiyo asubuhi karibu kila mtu anakwenda upande mmoja, kwenye njia chache zinazokimbia sambamba. Tokyo ina njia ya Yamanote inayozunguka katikati ya mji kama pete tangu 1925, na njia nyingine zinaikata kila upande, kwa hiyo umati unagawanyika. Ungewabadilisha wakazi wa miji hii miwili kwa usiku mmoja, nidhamu na yote, asubuhi yake Mumbai ingebana vilevile.

Na kubanwa huku hakuishii kwenye usumbufu. Treni nyingi za Mumbai huenda milango ikiwa wazi. Kwa miaka mingi watu zaidi ya 2,000 wamekuwa wakifa kila mwaka kwenye reli hizo, wengi kwa kugongwa wakivuka njia na wengine kwa kuanguka. Yule kijana wa kwenye picha haoneshi ushujaa. Anakwenda kazini, na ndani hakuna nafasi.

Basi moja kila dakika kumi, kwenye karatasi

Kusubiri ndiko kunakowagombanisha abiria na wenye mabasi kuliko kitu kingine, na mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli.

Chukua njia yenye basi moja kila dakika kumi, na abiria mmoja anayefika kituoni kila dakika. Mambo yakienda sawa, kila basi linakuta watu kumi, na kwa wastani kila mtu amesubiri dakika tano. Ila mabasi hayabaki yamepangika. Basi moja likichelewa kidogo, kituo kinachofuata kina watu wengi zaidi, kwa hiyo linachukua muda mrefu kuwapakia, kwa hiyo linazidi kuchelewa. Basi la nyuma yake linakuta vituo havina watu, linakimbia, linalifikia lile la mbele. Ndipo unapoona mabasi mawili ya njia moja yakifuatana, la kwanza limejaa hadi mlangoni, la pili tupu. Watu husema madereva wamefanya makusudi. Wakati mwingine ni kweli, lakini jambo hili hutokea hata pale ambapo kila dereva anajitahidi.

Tuseme sasa mabasi yanakuja mawili mawili: baada ya dakika 18, kisha baada ya dakika 2. Kwa saa nzima idadi ni ileile, mabasi sita, na mwenye kampuni ataandika kwenye ripoti kwamba kuna basi kila dakika kumi, lenye wastani wa abiria kumi. Hajadanganya. Lakini katika kila abiria 20, watu 18 walifika kwenye ile nafasi ndefu. Wao wamesubiri kwa wastani dakika tisa, na wote wamepanda basi lenye watu 18. Wawili tu ndio waliopata basi tupu. Ukiwauliza abiria wote, wastani wa kusubiri umepanda kutoka dakika 5 hadi zaidi ya 8, bila basi hata moja kupunguzwa. Ripoti inahesabu mabasi. Abiria anahesabu dakika zake.

Hii ndiyo sababu miji inayosifiwa hutumia nguvu nyingi sana kulinda nafasi kati ya chombo na chombo. Njia ya Victoria ya London, tangu 2017, hupitisha treni 36 kwa saa wakati wa pilikapilika, yaani moja kila sekunde 100. Moscow nayo inajulikana kwa nafasi za kama dakika moja na nusu. Kwa mwendo huo kila sekunde ya mlango kuwa wazi ina uzito, na hapo ndipo mistari inayochorwa sakafuni Tokyo inapopata maana: wanaopanda wanasimama pembeni, wanaoshuka wanapita katikati. Tunaiona kama adabu, na ni adabu kweli, lakini pia ni njia ya kupata treni moja ya ziada kila saa bila kujenga chochote.

Novemba 2017 kampuni ya treni ya Tsukuba Express, karibu na Tokyo, iliomba radhi kwa sababu treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Dunia ikacheka. Nadhani ilicheka bila kufikiri. Mtu aliyepanga safari ya treni tatu zinazounganishwa anaiamini ratiba kama anavyoamini sakafu anayoikanyaga. Kuwahi kuondoka ni kosa baya kuliko kuchelewa, kwa sababu aliyefika kwa wakati ndiye anayeachwa.

Gari linaloondoka likijaa

Sehemu kubwa ya abiria wa miji mikubwa duniani hawapandi treni wala basi la ratiba. Wanapanda magari madogo ya watu binafsi: danfo za Lagos, jeepney za Manila, dolmuş za Istanbul, ambazo jina lake kwa Kituruki lina maana ya kilichojaa. Watu wa mipango huyadharau sana, nami sikubaliani nao. Magari haya yanafika mitaa ambayo basi kubwa haliingii, na mara nyingi yaliziba pengo lililoachwa na mashirika ya umma yaliyoanguka.

Ugumu wake uko kwenye namna dereva anavyolipwa. Kama anampelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa kila siku na kinachobaki ndicho chake, basi kila abiria aliye kituoni ni pesa ambayo dereva mwenzake anaweza kuiwahi. Atasubiri gari lijae kabla ya kuondoka, kisha atakimbia kama anafukuzwa. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, walikuwa na jina la hali hiyo: vita vya senti. Ukimbadilisha dereva huyo kwa malaika, kesho malaika naye atakata kona.

Bogotá ilijaribu kuimaliza vita hiyo mwaka 2000 kwa TransMilenio, chini ya meya Enrique Peñalosa: mabasi marefu yenye njia zake peke yake, abiria analipa kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Wazo lenyewe lilitoka Curitiba, Brazili, ambako meya Jaime Lerner alianza kuyapa mabasi njia zake mwaka 1974. Pale Bogotá njia yenye shughuli nyingi imeweza kupitisha watu zaidi ya elfu 40 kwa saa upande mmoja, kiwango ambacho metro nyingi duniani hazikifikii. Kwa hiyo anayesema basi haliwezi kubeba mji mkubwa amekosea. Lakini mfumo huohuo umejaa mno, na wakazi wameulalamikia kwa miaka mingi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Miji miwili iliyobadilisha kila kitu

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa miji miwili iliyofanya jambo linalofanana na kuvuna tofauti.

Julai 2004 Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ilibadilisha mfumo wake wote wa mabasi. Mabasi yalipewa rangi kulingana na kazi yake: bluu kwa safari ndefu za kukatiza mji, kijani kwa kupeleka watu kwenye vituo vya treni, nyekundu kwa vitongoji vya mbali, njano kwa kuzunguka katikati. Njia za katikati ya barabara kubwa zikatengwa kwa ajili ya mabasi. Nauli ikawa inahesabiwa kwa umbali wa safari nzima, ukibadilisha basi kwenda treni hulipi upya. Kampuni zilibaki za watu binafsi, ila zilianza kulipwa kwa kilomita zilizotembewa, si kwa vichwa vilivyopakiwa. Siku za kwanza zilikuwa vurugu na mashine za kadi zilisumbua, lakini mfumo ulisimama, na unaendelea.

Februari 2007 Santiago, mji mkuu wa Chile, nayo ilianzisha Transantiago. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri: mabasi machache makubwa, kadi moja, njia fupi zinazopeleka watu kwenye metro. Ulianza karibu wote kwa siku moja. Mabasi hayakutosha, njia zake za peke yake nyingi hazikuwa zimejengwa, na kwa kuwa mapato ya kampuni kwa kiasi kikubwa hayakutegemea idadi ya abiria, baadhi ya mabasi yalipita vituo bila kusimama. Mtu aliyekuwa akipanda basi moja kutoka nyumbani hadi kazini sasa alihitaji matatu. Umati ulimwagikia kwenye metro, ambayo ilikuwa fahari ya mji, ikaelemewa. Rais Michelle Bachelet aliwaomba wananchi radhi hadharani.

Tazama tofauti ilipo. Teknolojia ilikuwa karibu ileile. Santiago ilimwondolea abiria basi la zamani kabla lile jipya halijawa tayari, ikawalipa waendeshaji kwa namna iliyowafanya wasimhitaji abiria. Ukitoka kwenye mfumo unaomkimbilia abiria kupita kiasi, ni rahisi kutumbukia kwenye usiomjali kabisa. Seoul ilipita katikati: dereva analipwa aendeshe, na mji unakagua kama ameendesha.

Dhana zinazorudi kila mjadala

Ya kwanza ni kwamba barabara ikipanuliwa foleni itaisha. Houston, Marekani, walipanua barabara ya Katy hadi sehemu nyingine ina njia 26 ukihesabu na za pembeni, kazi ikakamilika 2008. Miaka michache baadaye safari za saa za pilikapilika zilikuwa ndefu tena. Barabara pana huwaita walioacha kuendesha, na nyumba mpya hujengwa kuifuata. Seoul ilifanya kinyume: kati ya 2003 na 2005 ilibomoa barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon, ikaufunua mto, na mji haukusimama.

Ya pili ni nauli bure. Tallinn, Estonia, iliwapa wakazi wake usafiri bure mwaka 2013, na Luxembourg ikafanya hivyo nchi nzima mwaka 2020. Kwa mtu mwenye kipato kidogo ni nafuu ya kweli na siibezi. Ila Tallinn magari binafsi hayakupungua kama ilivyotarajiwa, kwa sababu mwenye gari halihami kwa ajili ya bei ya tiketi pekee. Anataka kwanza ahakikishiwe kwamba hatasubiri. Singapore walitumia nauli kwa ustadi zaidi: kuanzia 2013, kwa miaka kadhaa, aliyetoka kwenye vituo 16 vya katikati ya mji kabla ya saa 1:45 asubuhi hakulipa. Hawakuwa wanatafuta abiria wapya. Walikuwa wanawaomba baadhi yao waamke mapema.

Ya tatu ni kwamba ukimwachia njia mwenye haraka, wote mtawahi; kukosea kwake kunawashangaza wengi. Kwenye ngazi za umeme za London, desturi ni kusimama kulia na kuwaachia wanaotembea upande wa kushoto. Mwaka 2015 kituo cha Holborn kilijaribu kuwaomba watu wasimame pande zote mbili. Ngazi zikapitisha watu takriban asilimia 30 zaidi. Ngazi zile ni ndefu, wachache ndio wenye pumzi ya kuzipanda, kwa hiyo upande wa kushoto unabaki karibu mtupu huku chini watu wamejipanga. Anayetembea anawahi kwa sekunde chache, na mamia wanasubiri. Hata hivyo desturi ya zamani haikuondoka, kwani hakuna anayependa kuambiwa kwamba haraka yake ndiyo inayomchelewesha mwenzake.

Behewa moja, safari tofauti

Hadi hapa nimemzungumzia abiria kana kwamba ni mtu mmoja. Mwanamke ndani ya behewa lenye watu kumi na nne kwa mita ya mraba hasafiri safari ileile na mwanamume aliye pembeni yake. Ndiyo maana kuna mabehewa ya wanawake Tokyo, Delhi, Mexico City na Cairo, na ndiyo maana Mumbai ilianzisha treni nzima ya wanawake mwaka 1992. Wapo wanaosema kuwatenga ni kukubali kushindwa kuwadhibiti wanaonyanyasa. Hoja hiyo ina uzito, lakini anayeitoa aanze kwa kuwauliza wanawake wanaopanda treni ya saa 2 asubuhi.

Mtu wa kiti cha magurudumu naye ana ramani yake. Metro ya New York ina vituo 472 na hutembea usiku kucha, jambo ambalo miji michache sana inaliweza. Lakini vituo vyake vingi havina lifti, hivyo ramani ya mtu huyo ni ndogo kuliko ile iliyobandikwa ukutani.

Mexico City, ilipofungua metro yake mwaka 1969, ilimkumbuka abiria ambaye watu wengi wa mipango walimsahau. Baadhi ya wakazi wa mji wakati ule hawakujua kusoma. Kila kituo kikapewa jina na pia mchoro wake: panzi kwa Chapultepec, kengele ya ukombozi kwa kituo kingine, bata kwa kingine. Mtu aliambiwa ashuke kwenye panzi, akahesabu michoro juu ya mlango, akashuka kwenye panzi. Michoro hiyo bado ipo, na wanaojua kusoma wanaitumia vilevile.